Basibasi Mapajani

Nakiri mwenyewe, kabla Tanti Yolande hajakuwahi na kukuhadithia kwa namna yake: gari niliegesha mimi. Sikuelekezwa na mtu, sikusukumwa, wala sikuwa nimekunywa. Nilitoka barabarani, nikakata kona kwa madaha kama ninaleta bibi harusi, nikaliingiza ubavuni mwa kituo cha kungumanga cha Bellamie, pale penye kivuli cha paa, nikazima injini, nikajisifu kwenye maikrofoni.

"Mabibi na mabwana, mkirudi mtakuta viti vya baridi. Nani mwingine anawapenda hivi?"

Wageni wangu, watalii wa meli waliojaza kila kiti, wakapiga makofi. Nikainamisha kichwa kama waziri. Chini yangu, ndani ya majani, matairi ya mbele yalikuwa yamekaa juu ya reli.

Si reli ya treni, treni sisi Grenada hatuna. Reli za chanja. Pale Bellamie chanja za kuanikia ni pana kama sakafu ya chumba, zina magurudumu ya chuma, na zinaingia chini ya nyumba kama droo za kabati. Jua likitoka, kina mama wanazivuta nje. Mvua ikija, wanazisukuma ndani mbio. Mimi na dada yangu Claris tulichapwa palepale utotoni kwa kuzipanda kama pikipiki. Kwa hiyo usiniambie labda sikujua. Nilijua. Ila siku ile mahali pangu pa kila siku, chini ya mti wa mkungu, palikuwa na pikapu ya Bwana Lendore, mkaguzi anayepima viungo na kuvipa daraja, na chanja ya mwisho ilikuwa imesogezwa mbali hadi ncha ya reli, ikifuata jua. Kati ya chanja na nyumba pakabaki nafasi moja safi, ya kivuli, saizi ya gari langu kabisa. Nina diploma ya utalii, iko ukutani kwenye fremu. Nimeitazama tena juzi. Somo la kuegesha halimo.

Na chanja yenyewe ilikuwa ya nani? Ya Claris.

Mama alituachia kilima juu ya barabara ya Gouyave, kinatazama bahari. Kimbunga kilipopita kiliangusha mikungumanga yote kama mtu anayefagia njiti. Claris akaanza upya na miche. Sasa, mkungumanga ni mti wenye utani mbaya: unaupanda, unaupalilia, unaupigia gumzo, miaka inapita, ndipo siku moja unatoa maua na kukujulisha kama ni jike au dume. Dume halizai. Claris alipata madume mfululizo, hadi dukani watu wakawa wanamuuliza kama anafungua kambi ya jeshi. Anakata, anapanda tena. Mimi nikamwambia, "Dada, kilima kimekataa. Udongo mzuri ulikwenda na kimbunga. Tuweke baraza la kutazamia bahari, magari yapate pa kusimama, tuuze madafu." Akasema hapana. Kila Krismasi nilisema, na kila Krismasi akasema hapana huku akinikatia keki.

Mwishowe majike yakaanza kuzaa. Jioni ya Watakatifu Wote, tumesimama kaburini kwa Mama na mishumaa yetu, tukakubaliana kama watu wazima. Basibasi yake ya kwanza, ule utando mwekundu unaoikumbatia kungumanga, ikipata daraja la kwanza kituoni, mimi na baraza langu tunanyamaza maisha. Ikianguka daraja la pili, nusu ya juu ya kilima, ile inayotazama bahari, ni yangu, na shoka langu.

Siku ndiyo ile. Basibasi ya Claris ilikuwa imekaa miezi kwenye sanduku la giza, imeacha wekundu wake ikawa rangi ya asali, na asubuhi hiyo imeanikwa mara ya mwisho imalize unyevu kabla Bwana Lendore hajaigusa. Iko peke yake, isichanganyike na ya mtu mwingine. Na mimi, mpinzani wake, nimeegesha mlangoni.

Wakati ule hakuna aliyeliona kosa langu. Claris mwenyewe alitoka mbio ndani ya kituo kuja kunipokea, amevaa gauni lake la kanisani la bluu na kofia, na miguuni ndala za shambani.

"Umeiona?" akaniuliza hata kabla ya salamu. "Ignatius, umeiona rangi yake?"

"Nimeiona. Kama chai iliyopoa."

"Chai iliyopoa ni ubongo wako. Nenda kaishike. Hapana, usiishike! Itazame tu. Nusa."

"Ninuse kwa mbali au kwa karibu?"

"Kwa mbali. Wewe una mkosi."

Akacheka, akanipiga bega, akawageukia wageni wangu waliokuwa wanashuka na mataulo yao meupe ya meli mabegani, maana kutoka kituoni tulikuwa tunakwenda ufukweni. "Karibuni! Karibuni jamani! Leo mmekuja siku nzuri. Leo ni siku yangu!" Hawakuelewa siku yake ni ya nini, lakini furaha ya Claris haisubiri maelezo. Mama mmoja akamkumbatia akidhani ni siku yake ya kuzaliwa.

Nikauacha muziki ukicheza garini, ngoma za kanivali, kwa sauti ya kutosha ili kina mama wa kuchambua wachangamke. Hilo nalo naliweka hapa ulijue: injini imezimwa, muziki unacheza, feni inazunguka, na betri ni ya zamani.

Tukaingia. Mtu anaweza kuingia Bellamie mara elfu na bado ile harufu ikamsimamisha mlangoni: ya moto kidogo, tamu kidogo, ya mbao kuukuu. Kina mama wamekaa kwenye meza ndefu wanachambua kungumanga, vidole vinakwenda vyenyewe, midomo inasengenya. Kwenye pipa la maji Tanti Yolande, mkuu wa kina mama wa chanja, alikuwa anamwaga ndoo ya kungumanga zilizobanguliwa. Zinazozama ni nzuri. Zinazoelea zinakwenda kukamuliwa mafuta.

"Maiki!" akaita aliponiona. Ndilo jina langu pale, kwa sababu ya maikrofoni. "Waambie wageni wako pipa hili halidanganyi. Kisha uingie na wewe, tuone kama utazama."

"Mimi nitazama, Tanti. Mimi ni mzito wa akili."

"Kichwa kitaelea. Tutakuinua kwa masikio."

Meza nzima ikaangua kicheko. Wageni nao wakacheka bila kujua. Ila mmoja hakucheka, alikuwa anapiga chafya. Huyo alikuwa Bwana Dunphy, jitu nene pole kutoka Newfoundland, uso mwekundu, shati la maua. Tangu mlangoni viungo vilimkamata. Hapigi chafya kama wewe na mimi. Anakusanya kwanza, anapandisha mabega, anafumba macho, kisha dirisha linatikisika. Kina mama wakaanza kumhesabia kwa pamoja kila anapopandisha mabega, na kila ikitoka wanashangilia. Alifurahi yule mzee! Alisema hajawahi kushangiliwa hivyo hata siku ya harusi yake.

Bwana Lendore alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake cha chai ya kakao. Mtu mrefu, mkavu, suruali ina mkunjo unaoweza kukata mkate. Hana mashine yoyote ya kupimia. Ana pua na vidole viwili. Anachukua kipande kimoja cha basibasi, anakitazama kama ni kizima, anakinusa, anakivunja karibu na sikio. Kikilia "tak" kimekauka. Kikinyamaza kina maji. Na kikiwa kimevunjikavunjika kabla hajakivunja yeye, hata kiwe kitamu kama dhambi, hakipati daraja la kwanza.

"Nikimaliza chai," alimwambia Claris.

"Maliza taratibu, Bwana Lendore," Claris akasema, na miguu yake ndani ya zile ndala ilikuwa inacheza.

Sasa, huku kwetu bondeni mvua huisikii angani. Unaisikia kwenye mabati. Inashuka kutoka milima ya Grand Etang, na njiani inapiga bati moja baada ya jingine. Tanti Yolande alikuwa wa kwanza kunyamaza. Akainua mkono mmoja, wenye maji.

"Shule," akasema.

Tukasikia. Mbali kule juu, bati la shule linavuma.

"Chanja!" akapiga kelele. Meza ikainuka yote. Stuli zikaanguka, kina mama wakatoka mbio na aproni zao, wageni wangu nao wakawafuata mbio wakidhani ni sehemu ya ziara. Kwa kweli ilipendeza! Kina mama wakashika chanja ya kwanza, wageni wakaingiza mabega, "Haya, haya, sukuma!", magurudumu yakalia, chanja ikatokomea chini ya nyumba. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikaingia, na mama mmoja wa miaka mingi kutoka kwenye meli akairukia kwa nyuma, akaingia nayo hadi chini ya sakafu, akatoka ana utando wa buibui kichwani, anacheka machozi.

Kisha Claris akafika kwenye chanja yake, akaishika, akaisukuma, ikatembea hatua chache ikagonga kitu. Akainua macho. Kitu chenyewe kilikuwa gari langu.

"Kanisa," akasema Tanti Yolande. Bati la kanisa la Wasabato lilikuwa limeanza.

"Liondoe!" Claris akanipigia kelele.

Nilikuwa nimesharukia kwenye kiti. Nikazungusha ufunguo. Muziki ukakata. Gari likasema "tik". Nikazungusha tena. Likasema "tik", kwa upole, kama linaniomba radhi.

"Maiki!" Tanti Yolande alikuwa dirishani. "Hiyo diploma ulinunua soko la Jumamosi?"

"Sukumeni!" nikasema. "Nimeweka gia huru, sukumeni!"

Wakasukuma. Bwana Dunphy peke yake alikuwa na nguvu za watu watatu. Lakini tairi la mbele lilikuwa limeteleza kati ya reli na gogo lake, na kila tulivyosukuma lilizidi kujikita kama mtu anayejifunika shuka. Mtu akataja turubai. Tanti Yolande akasema basibasi ya juani ukiifunika turubai inatoka jasho, inakuwa nyeusi kama soksi. Mtu akataja kuzoa kwa koleo. Claris akageuka kama amechomwa: "Koleo? Itavunjika yote!"

Kisha akanitazama mimi. Kofia yake ya kanisani ilikuwa imekaa upande.

"Umefanya makusudi."

"Dada!"

"Kilima unakitaka kiasi hicho, Ignatius?"

Watu wanaonijua watakuambia kwamba mimi sikosi la kusema. Mwalimu wangu wa diploma aliandika hivyohivyo, na hakuwa ananisifu. Pale nilifungua mdomo, na hewa ikaingia, na hewa ikatoka. Kwa sababu ukitazama kwa macho ya Claris, mambo yote yalipangika vizuri mno: mimi, gari, reli, mvua. Hata mimi ningejishuku.

"Duka la Boysie," akasema Tanti Yolande. Sasa mvua tulikuwa tunaiona, ukuta mweupe unatembea juu ya migomba.

Bwana Dunphy akajifunika taulo lake kichwani, akajiandaa. Nikaliona lile taulo. Pana, nene, jeupe, limefuliwa na kupigwa pasi na meli. Nikatazama mabega ya wageni wote: taulo, taulo, taulo. Nikatazama gari langu lililokwama mlangoni kama ng'ombe. Lina paa. Lina vioo. Lina viti vya baridi.

"Claris," nikasema. "Gari ni kavu."

Hakuelewa kwa kitambo cha kufumba na kufumbua. Kisha akaelewa, na macho yake yakawaka kama ya mtoto. "Mataulo! Leteni mataulo!"

Nikapanda ngazi ya gari nikapaza sauti kuliko maikrofoni yoyote. "Mabibi na mabwana! Ingieni, kaeni, fungeni miguu pamoja, na kuanzia sasa ninyi si watalii tena. Ninyi ni chanja!"

Ungewaona! Waliingia wanasukumana kama wanafunzi siku ya kwenda pikniki. Mataulo yakatandazwa kando ya chanja. Kina mama wa Bellamie wakaingiza viganja chini ya basibasi, taratibu, kama mtu anayemnyanyua mtoto mchanga aliyelala, wakaihamishia kwenye taulo, wawili wakashika pembe nne, wakalipitisha dirishani. Ndani mikono ikapokea, ikalaza taulo mapajani. Kiti kwa kiti.

"Ninyooke au niiname?"

"Nyooka! Usiguse!"

"Naruhusiwa kupumua?"

"Kwa pua, mama. Kidogokidogo."

Tanti Yolande alikuwa anatoa amri kama nahodha. "Wewe mwenye miwani, magoti pamoja! Ninyi wapenzi wawili, acheni kushikana mikono, mtaivunja! Maiki, chukua hili, kaa!"

Nikakaa kwenye kiti changu cha dereva na taulo langu mapajani. Nilikuwa chanja na mimi. Harufu ikajaa gari zima. Nje Claris alipitisha taulo la mwisho kwa mikono iliyonyooka juu ya kichwa, Bwana Dunphy akalipokea, dirisha likafungwa, na mvua ikafika. Haikufika kwa matone. Ilifika kama mtu amemwaga beseni. Chanja tupu ikawa bwawa palepale, na tulilitazama lile bwawa kupitia vioo, gari zima.

Claris hakuingia. Alikuwa ameloa kuanzia kofia hadi ndala, na hakutaka tone hata moja limwagikie basibasi. Alisimama nje kwenye mlango, chini ya ukingo wa paa, anachuruzika, ameshika kingo za mlango na kuingiza uso tu.

"Bwana Lendore yuko wapi?" akauliza.

Bwana Lendore alikuwa kwenye kibaraza cha kituo, chini ya mwavuli, kikombe bado mkononi. "Mimi," akasema, "sipimi basibasi kwenye gari."

"Sawa," Tanti Yolande akamjibu kutoka dirisha la nyuma, alikojibanza na kina mama wenzake chini ya paa. "Tusubiri ikauke nje. Wageni hawa watakaa hivihivi mpaka kesho, meli itawaacha, na nitawaambia wote nyumbani kwako ni wapi. Utawapikia shelisheli la nazi mwenyewe."

Bwana Lendore akafikiri. Akaweka kikombe chini. Akaja na mwavuli wake, akaukung'uta, akafuta viatu kwenye ngazi, kushoto, kulia, akafuta mikono kwa leso, akapanda.

Nikuambie, nimeshapeleka wageni kwenye maporomoko, kwenye kasa wanaotaga, kwenye kanivali. Sijawahi kuona kundi limeshika pumzi namna ile. Alikwenda kiti kwa kiti, ameinama, mkono mmoja mgongoni.

"Samahani, mama." Akachukua kipande. Akanusa. "Tak."

"Samahani, bwana." Akachukua. Akageuza kwenye mwanga. "Tak."

Kila ilipolia "tak" Claris mlangoni alifumba macho na kufumbua. Na mimi nilijikuta ninahesabu pamoja naye, nikiomba ilie. Mimi niliyekuwa nimelinoa panga langu la maneno tangu Watakatifu Wote! Niliomba ilie kama ninaomba penalti.

Akafika kwa Bwana Dunphy.

Bwana Dunphy alikuwa na lundo kubwa kuliko wote, kwa sababu ana mapaja makubwa kuliko wote. Bwana Lendore akainama. Nikaona mabega ya Bwana Dunphy yanapanda. Nikaona macho yanafumba. Kina mama dirishani nao wakaona, na kwa mazoea mmoja wao akaanza kuhesabu.

Sikufikiri. Niliweka taulo langu juu ya usukani, nikaruka viti viwili, nikamshika mzee wa watu pua kwa vidole vyote na kuibana. Akawa mwekundu, akawa zambarau. Macho yakamtoka. Mwili mzima ukatikisika mara moja, na ile chafya ikaenda sijui wapi, labda miguuni. Hakuna kipande kilichosogea mapajani mwake.

"Asante," akasema kwa sauti ya puani.

"Karibu Grenada," nikasema.

Bwana Lendore hakutabasamu, lakini alisubiri hadi nikaiachia ile pua ndipo akachukua kipande. Akakivunja karibu na sikio. "Tak."

Akarudi mbele. Limebaki taulo la dereva. Lilikuwa limeteleza kutoka kwenye usukani. Nusu yake imebaki kwenye dashibodi, nusu iko sakafuni, na mguu wangu, niliporuka, ulikuwa umepita katikati. Bwana Lendore akaokota kimoja, ni nusu. Kingine, robo. Kingine ni unga.

"Hizi zimevunjika," akasema.

Claris alinitazama, na safari hii hakusema kwamba nimefanya makusudi. Nadhani alikuwa ameniona nikiruka.

"Hizo ni zangu, Bwana Lendore," nikasema. "Niandikie mimi. Daraja la pili, la tatu, lolote. Mimi ndiye niliyezikanyaga, mti haukuzikanyaga."

"Mimi siandiki watu," akajibu. "Naandika basibasi." Akaokota kimoja cha vipande vile, akanusa. Akanusa tena, na safari ya pili alifumba macho. "Za dereva zitengwe. Ni kiganja kimoja, nitazihesabu takataka za usafirishaji." Akanyoosha mgongo, kichwa kikagusa paa. "Mwenye mali yuko wapi?"

"Nipo hapa," Claris akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Daraja la kwanza."

Sasa hebu fikiri. Gari zima limejaa watu wanaotaka kurukaruka, na hakuna anayeruhusiwa kutikisa hata goti. Walishangilia kwa nyusi. Walishangilia kwa midomo iliyofunguka bila sauti. Yule mama wa utando wa buibui alikuwa analia kimyakimya, machozi yanakwenda shingoni, na Tanti Yolande anamfokea, "Lilia pembeni! Pembeni!" Wapenzi wawili walikonyezana. Bwana Dunphy alinyoosha vidole gumba viwili polepole, kama mtu anayepandisha bendera.

Aliyekuwa huru ni mwenye mali, naye alikuwa ameshaloa. Claris aliachia mlango, akarudi nyuma hadi katikati ya uwanja, kwenye mvua ile ile, akavua kofia, akaanza kucheza. Muziki haukuwepo, betri ilishakufa. Alicheza ngoma ya kanivali iliyokuwa kichwani mwake, gauni limeganda mwilini, ndala moja imeondoka na maji. Kina mama wakaanza kumpigia makofi kutoka chini ya paa. Akanyoosha kidole kwangu.

"Sema!" akaita.

"Niseme nini?"

"Unajua! Sema kwenye kimaiki chako!"

"Hakina umeme!"

"Basi tumia mdomo! Leo umekosa mdomo?"

Nikashuka ngazi, nikasimama kwenye mvua, viatu vyangu vya kazi vikajaa. "Mabibi na mabwana!" nikasema. "Watu wa Bellamie! Bwana Lendore! Kilima cha Mama ni cha mikungumanga, chote, juu hadi chini, upande wa bahari na upande wa bara. Sitataja baraza tena. Sitataja madafu. Mkinisikia ninataja, nitieni kwenye pipa!"

"Tutakutia hata usipotaja!" Tanti Yolande akajibu, na gari likashindwa, likacheka, na Bwana Lendore akapiga kelele, "Mapaja! Mapaja!"

Mvua zetu haziishi taratibu, zinakata. Jua likarudi, majani yakafuka mvuke. Tulitoa basibasi taulo kwa taulo hadi ndani, na kila aliyekabidhi taulo lake alipigiwa makofi kama anapokea cheti. Pikapu ya Bwana Lendore ikalivuta gari langu kutoka kwenye reli na kulipatia umeme. Ufukweni hatukufika tena. Nikatangaza hivyo nikitegemea manung'uniko, na hakuna aliyenung'unika. Walikuwa wamemzunguka Claris, wote wananuka basibasi, wanamuuliza maswali kwa pamoja. Mti ukoje? Ua lake likoje? Utajuaje kama ni dume? Bwana Dunphy alinivuta kando akasema angependa kuiona hiyo miti, na wenzake wakaitikia nyuma yake, twende, twende, tuna muda. Wakanitazama mimi, kiongozi wao mwenye diploma.

Claris alikuwa ameshaokota reki. Alikuwa anaondoa maji kwenye chanja yake tupu, mgongo kwetu, anaimba kitu cha kanisani kwa mdundo wa kanivali.

"Dada," nikasema.

Reki iliendelea.

"Dada Claris, wageni wanaomba kuiona miti. Kilimani. Leo tu. Si kwa gari, gari litabaki chini barabarani, nitaliwekea hata jiwe kwenye tairi. Tutapanda kwa miguu. Hatutagusa kitu. Mimi nitakaa nyuma kabisa, sitasema neno."

Tanti Yolande akatazama paa. Bwana Lendore akatazama kikombe chake. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye mkungu, tone moja moja, na Claris akageuza reki upande wa pili, akaendelea kuvuta kama mtu aliyenisikia nikitaja baraza.

"Hata tukiishia getini?" nikasema. "Dada? Tafadhali."